Sura ya Saba: Joto la Giaboksi Katika Kisiwa Kisicho na Milima

Unguja haina mlima. Sehemu yake ya juu kabisa, ule mgongo wa Masingini nje kidogo ya mji, haufiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari, na ukitoka Malindi hadi Nungwi au hadi Makunduchi hukutani na mwinuko wa kumtia dereva wasiwasi. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba giaboksi inayovuta tela hapa ina raha kuliko ile inayopanda Kitonga, kule kati ya Morogoro na Iringa. Naandika sura hii kuipinga imani hiyo. Giaboksi za otomatiki huungua Unguja, tena juu ya ardhi tambarare, na sababu zake tunazo hapa hapa: mchanga, foleni, maji tunayotia kwenye rejeta, na haraka.

Tuanze na mzigo wenyewe. Tela zito la Unguja mara nyingi ni la boti: boti ya faiba ya kupeleka wageni Mnemba au kutazama pomboo Kizimkazi, yenye mashine moja au mbili nyuma, tangi la petroli, nanga, na maji ya mvua yaliyotuama ndani ambayo hakuna aliyekumbuka kuyakumba. Ukijumlisha na chuma cha tela, uzito huo hufika tani moja na nusu au mbili kwa urahisi. Baada ya boti huja tangi la maji, kwa sababu visima vingi vya pwani ya mashariki vina chumvi na nyumba za wageni hulazimika kuletewa maji. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili kamili kabla hujahesabu tela lake. Kisha lipo jenereta, ambalo kisiwa hiki kilijifunza kulithamini katika ile miezi mitatu ya giza, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika.

Na gari la kuvuta? Kwa kawaida ni Prado, Hilux Surf au Land Cruiser iliyokwishatumika Japani. Kule, mwenye leseni ya kawaida haruhusiwi kuvuta tela linalozidi kilo 750, na watu wengi hawavuti chochote maisha yao yote. Kwa hiyo gari lililotengenezwa kwa soko la Wajapani wenyewe usilidhanie kuwa lilijengwa kwa ajili ya tani mbili za boti kwenye mchanga wa Paje. Inama chini ya grili utazame kama lina kipoza oili cha giaboksi. Kama huoni kitu mbele ya rejeta zaidi ya kipoza gesi cha eya kondishen, basi oili yako inapozwa na rejeta peke yake, na habari za rejeta tutazifikia.

Neno moja kuhusu Noah za karibuni na magari mengine madogo yenye giaboksi ya CVT, ile inayotumia mkanda wa chuma badala ya meno ya gia: yasifungwe tela zito kabisa. Sitarudi kwenye jambo hilo.

Sasa tuingie ndani ya giaboksi. Gari la gia za mkono lina klachi ya kukanyaga. Otomatiki ina konveta, chungu cha chuma cha mviringo kilichojaa oili, kimekaa kati ya injini na giaboksi. Ndani yake mna mapanga mawili yanayotazamana bila kugusana. La kwanza huzungushwa na injini na kuitupa oili kwa nguvu; la pili hupokea mtupo huo na kuizungusha giaboksi. Baina yao liko gurudumu dogo linaloirudisha oili kwa pembe iliyopangwa, na hilo ndilo linaloongeza nguvu wakati wa kuondoka. Aliyekibuni chombo hiki ni mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyekipatia hataza mwaka 1905 akiwa kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan huko Stettin, mji ambao leo uko Poland. Hakuwa na habari na magari. Alikuwa na injini ya mvuke inayozunguka kasi mno na rafadha ya meli inayotakiwa kuzunguka taratibu, akatafuta namna ya kuviunganisha kwa majimaji. Miaka mingi ikapita. General Motors walitoa giaboksi yao ya Hydra-Matic mwaka 1939, kisha mwaka 1948 Buick wakaleta Dynaflow iliyotumia konveta kamili, na tangu hapo chombo kilichozaliwa kwenye meli kikawa mali ya barabara.

Föttinger alikuwa na bahari nzima chini yake ya kupozea oili. Sisi tuna lita kumi hivi za oili na upepo wa mbele ya gari, basi.

Joto lote linatoka kwenye tofauti ya mwendo kati ya yale mapanga mawili. Yakizunguka kwa kasi inayokaribiana, nguvu karibu yote huenda kwenye magurudumu. Panga la injini likizunguka kasi na lile la giaboksi likijikokota, oili inachapwa tu, na nguvu inayopotea haina pa kwenda isipokuwa kugeuka joto. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka klachi ndogo ndani ya konveta inayoyafunga mapanga yazunguke pamoja gari likishika mwendo. Konveta ikifungwa, joto hushuka mara moja. Lakini haifungi gari likiwa linatambaa, na kuvuta boti kutoka ufukweni ni kutambaa mwanzo hadi mwisho.

Chukua hesabu ifuatayo, kwa sababu ndiyo moyo wa sura. Kusukuma gari juu ya lami nzuri kunahitaji nguvu ndogo sana: kama asilimia moja na nusu ya uzito wake. Kwenye mchanga mlaini, asilimia hiyo hupanda hadi 20, pengine 25. Gari na tela lenye jumla ya tani nne, ambalo kwenye lami ya Tunguu huvutwa kwa nguvu ya kuinua kilo 60, likishuka mchangani hudai nguvu ya kuinua kilo 800 hadi 1,000. Kwa kadiri giaboksi inavyohusika, ufukwe huo tambarare ni mlima unaopanda mita moja kwa kila mita nne au tano za mbele, na hakuna barabara kuu ya Bara yenye ukali wa namna hiyo.

Dereva anakanyaga mafuta. Tuseme injini inatoa kilowati 60 na nusu yake inapotelea kwenye konveta: kilowati 30, sawa na mabirika 15 ya umeme yanayochemka kwa pamoja ndani ya lita kumi za oili. Kama joto hilo lingebaki kwenye oili peke yake, lingeipandisha karibu nyuzi mbili kila sekunde, yaani zaidi ya nyuzi 50 kwa nusu dakika. Chuma cha giaboksi hunyonya sehemu, rejeta nayo huchukua sehemu, hivyo kupanda kwenyewe ni kwa taratibu zaidi. Hata hivyo umeona kwa nini dakika tatu za kung'ang'ana mchangani zinaweza kufanya madhara ambayo safari ya mwezi mzima kwenda Nungwi na kurudi haiyafanyi.

Oili ya giaboksi ina adabu yake. Ikikaa kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi hufanya kazi miaka. Kuna kanuni ya mafundi inayotumika dunia nzima: kila joto likizidi nyuzi 11 juu ya 80, umri wa oili hukatika nusu. Kwenye 91 nusu, kwenye 102 robo, kwenye 124 umebaki na sehemu moja ya kumi na sita. Ikipita 115 huanza kuacha utando wa kahawia, kama vanishi, kwenye vijia vyembamba vya vali. Karibu na 150 sili za mpira hukakamaa na sahani za klachi zilizomo ndani ya giaboksi huanza kuteleza. Zikiteleza hutoa joto jingine, na hapo giaboksi inajiunguza yenyewe. Baadhi ya Land Cruiser na Surf za miaka ya 1990 zina taa iliyoandikwa A/T OIL TEMP. Kosa la wengi ni kuisubiri taa hiyo. Inawaka oili ikiwa tayari imekaribia nyuzi 150, na kazi yake ni kukutaarifu kwamba hasara imeanza.

Kipimajoto cha injini kwenye dashibodi hakisaidii. Kinapima maji ya injini, nayo yanaweza kusimama katikati kwa utulivu huku oili ya giaboksi imevuka nyuzi 130. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mwenye kuvuta tela awe na kipimajoto cha giaboksi. Magari ya katikati ya miaka ya 2000 na kuendelea yana soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Huchomekwa kifaa kidogo kinachozungumza na simu, na ukipata programu inayolijua gari lako utaisoma oili kwenye kioo cha simu. Magari ya zamani hufungwa kipimo cha waya kwenye karai ya giaboksi au kwenye bomba linalotoka kwenye konveta. Jua tu umekifunga wapi, maana oili inayotoka kwenye konveta ni ya moto zaidi kwa mbali kuliko iliyotulia kwenye karai. Kwenye karai, mimi huhesabu hivi: chini ya 95 endelea na safari yako, 105 punguza mwendo na utafute gia ya chini, 120 simama, weka N, acha injini iwake. Ukiizima, pampu ya giaboksi husimama na oili ya moto inabaki pale pale inakaangika. Ikiwa kwenye N, pampu huendelea kuizungusha kupitia rejeta mpaka ipoe.

Nimeahidi habari za rejeta, na hapa ndipo Unguja inapojitofautisha na sehemu nyingine.

Oili ya giaboksi hutoka kwa bomba, huingia kwenye mrija ulio ndani ya tangi la rejeta, upande wa maji yaliyokwisha kupoa, huyaachia maji joto lake, kisha hurudi. Mpango ni mzuri. Kasoro yake ni kwamba oili haiwezi kupoa chini ya joto la maji yale, na maji yale hutegemea usafi wa rejeta. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe. Maji ya ardhini hupita kwenye mawe hayo na kubeba chokaa, ndiyo ule ukoga mweupe unaouona chini ya birika la chai. Tunayachota maji hayo kisimani na kuyamimina kwenye rejeta. Kila yanapochemka huacha ukoga ule ule juu ya mrija wa oili, na ukoga wa chokaa hupitisha joto kwa ubahili mkubwa ukilinganisha na chuma. Rejeta inaweza kuonekana nzima, injini ikawa haichemshi, lakini mrija wa oili umevikwa shati la chokaa na giaboksi haipoi tena.

Kisima kikiwa karibu na bahari, mna chumvi pia. Chumvi hula chuma. Siku mrija ule unapotoboka, hutokea jambo ambalo madereva wengi hawalielewi. Gari likitembea, oili ina shinikizo kubwa kuliko maji, hivyo huvujia kwenye rejeta. Gari likizimwa, shinikizo la oili hufa, lakini maji ya moto ya rejeta bado yamebanwa chini ya kifuniko, basi hupenya upande wa pili na kuingia kwenye giaboksi. Oili nyekundu hugeuka kuwa kitu cha rangi ya waridi kilichochanganyika na povu. Maji hulainisha gundi inayoshikilia nyuzi za msuguano kwenye sahani za klachi, na sahani hubanduka. Ukiona rangi hiyo kwenye kijiti cha kupimia, usiliwashe tena gari hata kwa kulisogeza gerejini. Lifungwe kamba au libebwe.

Dawa yake ni rahisi hadi inaudhi kwamba haitumiki. Weka kulanti halisi, nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Wengi hapa huiona kulanti ni kitu cha nchi za baridi, cha kuzuia maji yasigande, na sisi hatugandi. Lakini ndani yake mna kemikali za kuzuia kutu, na hupandisha kiwango cha maji kuchemka. Hayo mawili tunayahitaji kuliko mtu wa Ulaya. Maji yaliyokenekwa yanauzwa. Ukiyakosa, maji ya mvua ya masika yaliyokingwa safi, baada ya mvua za mwanzo kuosha bati, ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Na mwenye gari lililokunywa maji ya kisima miaka mitano asifunge tela lolote kabla rejeta haijabadilishwa au kufunguliwa na kusafishwa.

Tukishaitengeneza rejeta, ndipo tuongeze kipoza oili cha nje, kile cha kupozwa kwa upepo. Kifungwe baada ya rejeta, oili ipite kwenye maji kwanza kisha kwenye upepo, halafu irudi kwenye giaboksi. Wataalamu wa nchi za baridi huonya kwamba oili inaweza kupoa kupita kiasi. Unguja, ambako hata kusi ya Julai ni joto kwa mtu wa huko, onyo hilo halituhusu sana. Vipoza vya sahani zilizopangwa hufanya kazi vizuri kuliko vya bomba lililokunjwakunjwa, kwa ukubwa ule ule. Kwa kuwa mchangani gari halina mwendo, hakuna upepo, hivyo kipoza kisicho na feni yake ya umeme husaidia barabarani lakini ufukweni husaidia kidogo mno. Feni hiyo si anasa. Mpira wa kuunganishia uwe wa oili ya moto, wenye maandishi yake ubavuni. Mpira wa maji au wa petroli utalainika, utachomoka, na oili itamwagikia ekzosi. Magari yameungua kwa namna hiyo. Kila jioni ya siku uliyoshusha boti, osha kipoza na rejeta kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa shinikizo dogo lisilopinda mapezi yake, maana mapezi ya alumini hayastahimili ukungu wa bahari.

Kuhusu oili yenyewe, nataka msomaji aelewe kwamba kazi yake si kulainisha tu. Inatakiwa iteleze kwenye meno ya gia na wakati huo huo iruhusu sahani za klachi zishikane. Oili za otomatiki za mwanzo zilipata sifa hiyo kutokana na mafuta ya nyangumi, yule yule nyangumi mkubwa anayetoa ambari ambayo pwani yetu iliiuza kwa karne nyingi. Marekani ilipomweka nyangumi huyo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1970, viwanda vililazimika kutafuta kemikali badala yake, na hadi leo kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake. Kwa hiyo oili nyekundu si zote moja. Prado ya kabla ya 2004 kwa kawaida hutumia aina tofauti na iliyokuja baadaye yenye kuandikiwa WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Dukani utaambiwa ATF ni ATF. Usikubali. Soma kijiti cha kupimia au kitabu cha gari, na umwambie muuzaji jina kamili. Ukimwaga kutoka kwenye karai hutoka theluthi au nusu tu, iliyobaki imo ndani ya konveta. Kwa hiyo mwaga, jaza, tembea siku chache, mwaga tena. Gari linalovuta tela nalibadilishia kila kilomita 40,000, na likishawahi kupanda hadi 130 nalibadilishia wiki ile ile. Ikinuka kama kitu kilichoungua na imekuwa nyeusi, mwonyeshe fundi kabla ya kumwaga. Chembe zilizomo zitamweleza hali ya sahani.

Barabarani, joto huja kwa kuanza na kusimama. Kutoka bandarini Malindi kupita Darajani saa za asubuhi, gari la otomatiki lenye tela hukaa kwenye D huku limekandamizwa breki, konveta ikichapa oili bila upepo wowote. Foleni ikisimama zaidi ya nusu dakika, weka N. Ukishatoka mjini, bonyeza kitufe cha O/D kuzima gia ya juu ili giaboksi isihangaike kupanda na kushuka. Njia ya kusini ina jambo la pekee pale Jozani. Barabara ilipotiwa lami miaka ya 1990, kima punju, ambao makazi yao ya asili ni Unguja peke yake, waligongwa sana, ndipo matuta yakajengwa. Matuta hayo ni ya haki na yamewaokoa wanyama. Dereva wa tela ayavuke kwa kuachia mafuta mapema na kuondoka taratibu kwenye gia ya pili au L, badala ya kufika kwa kasi, kukandamiza breki na kukanyaga tena hadi chini. Kila tuta likivukwa kwa pupa ni nyuzi kadhaa zinazoongezeka, na zitakukuta Paje, kabla hata hujaugusa mchanga.

Mchanga, sasa. Kwa gari lenye 4L, hiyo ndiyo kinga kubwa kuliko vyote nilivyovitaja, na haigharimu chochote. Katika Prado, 4L huongeza nguvu ya magurudumu karibu mara mbili na nusu, hivyo giaboksi na konveta huona mzigo mdogo kwa kiwango hicho hicho, na mapanga hukaribiana kasi. Nimeona madereva wazuri, watu wazima wa kazi, wakiiacha kwa kuona ni ya kukwamuka tu. Itie kabla hujaingia mchangani. Punguza upepo wa matairi hadi paundi 18 au 20, ya tela pia, kisha uyajaze tena kabla ya lami. Ukipata kamba ndefu yenye nguvu, acha gari kwenye ardhi ngumu juu ya ufukwe na livute tela kwa kamba. Likianza kuchimba, toa mguu. Kukanyaga zaidi hakumtoi mtu. Kunachimba shimo na kuunguza oili kwa pamoja.

Lakini wenye mashua wa Nungwi, ambao wameteremsha majahazi ya tani nyingi kwa magogo, kamba na mikono, hawana haja ya sura hii, kwa sababu wao hawashindani na mchanga. Wanasubiri maji. Unguja siku za bamvua bahari hupanda na kushuka kwa karibu mita nne. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne hiyo asubuhi, wakati wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani wamo mashambani mwao, ufuo umekuwa uwanja mpana wa mchanga uliolowa, na boti iko mbali. Gari litakalokwenda kuichukua saa hiyo litavuta tani mbili kwa masafa marefu. Likisubiri hadi saa tisa unusu, boti inaelea yenyewe hadi karibu na ardhi ngumu, na kazi iliyobaki ni ya mita chache. Hakuna kipoza cha kununua kinacholeta tofauti hiyo.

Kinachozuia kusubiri ni ratiba. Mgeni ameahidiwa Mnemba saa tatu, boti imelala Paje tangu jana, na simu ya ofisini inamwambia dereva afanye haraka. Giaboksi ikiungua, anayeulizwa ni dereva, na mara nyingine mshahara wake ndio unaokatwa. Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa wenye mahoteli na wenye makampuni ya boti. Wekeni jedwali la maji kupwa na kujaa ukutani, karibu na ratiba ya wageni, na pangeni ya pili kwa kuitazama ya kwanza. Mpeni dereva kipimajoto, na mpeni ruhusa ya kusimama oili ikifika nyuzi 120 bila kuuliza mtu. Na kama mlimtuma mchangani saa nne ya bamvua kwa haraka yenu, gharama ya giaboksi ni yenu. Msimkate hata shilingi.